Dalali ni Dalali, Hata Akijiita Mkusanyaji

Jamani, kuna tabia inaniudhi na leo naisema waziwazi. Mtu ni wakala wa mauzo. Analipwa kamisheni kwa kila kamera au redio ya zamani inayotoka. Lakini akitangaza mzigo mtandaoni haandiki hivyo. Anaandika: "Ni yangu binafsi, nimeitunza sana, nauza kwa sababu nahama." Wiki ijayo anahama tena. Mwezi ujao anahama mara ya tatu!

Hapa Mukuyuni msimu wa maembe ukifika, tunajua nani ni mkulima na nani ni dalali. Udalali si dhambi, ni kazi kama kazi nyingine. Unapatana naye bei ukijua yeye ni nani. Mtandaoni huoni shamba wala lori. Unaona picha na maneno matupu.

Wengine wananiambia, kitu ni kizuri, bei ni nzuri, wewe unalalamika nini? Basi nisikilizeni, maana hili si suala la adabu peke yake.

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema hivi kwa ufupi: ukinunua kitu kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye huuza vitu vya aina hiyo, anahesabiwa kuwa ameahidi ubora wa kuridhisha hata kama hakutamka. Mtu binafsi anayeuza kamera yake moja hana mzigo huo. Kwake unajitegemea. Kwa hiyo wakala anayejifanya mkusanyaji anakunyang'anya haki. Ukikuta lenzi imeota kuvu ndani, atakwambia, "Mimi si duka, ndugu yangu." Na stoo imejaa!

Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Kifungu cha 12 kinahesabu kama udanganyifu kujidai una hadhi au uhusiano ambao huna, au kusema bidhaa imetumika kwa kiasi kisicho cha kweli.

Ulaya walishauona mchezo huu zamani. Mwongozo wao wa mwaka 2005 kuhusu biashara za hila una orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku moja kwa moja. Namba 22 ni mfanyabiashara kujifanya mtumiaji wa kawaida.

Sasa haki itendeke kwa upande wa pili. Wakala naye ni mtu, anaweza kupenda kamera na kuuza ile yake. Nakubali kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya muuzaji wa Bulgaria aliyekuwa na matangazo 8 mtandaoni. Ilisema idadi hiyo peke yake haimfanyi mtu mfanyabiashara. Lazima yaangaliwe mengine pia: je, anauza kwa mpangilio? Anatafuta faida? Alinunua ili auze tena?

Maswali hayo hata mtoto anayaelewa. Kama pesa inapitia kwa kampuni na wewe unabaki na kamisheni, sema wewe ni wakala. Kama kitu ni chako kweli, andika: "Mimi ni wakala, lakini hii ni yangu." Sentensi moja tu. Kwani inauma?

Na sisi waandika programu tusijifiche. Tunatengeneza fomu ya tangazo yenye jina, bei, picha na simu, basi. Hatuulizi muuzaji ni nani. Ni safu moja tu kwenye hifadhidata: mmiliki, wakala au duka. Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, masoko ya mtandaoni yanalazimika kumwonyesha mnunuzi kama muuzaji amejitambulisha kuwa mfanyabiashara au la.

Utasema watadanganya tu. Ndiyo, wengine watadanganya. Lakini leo ananyamaza, na kimya ni vigumu kukipeleka mahakamani. Akichagua "mmiliki" huku akiwa na stoo, ameuandika uongo wake, una tarehe na saa, na mnunuzi ana cha kushika mkononi.

Kwa hiyo mawakala, uzeni mpaka mtajirike, hakuna anayewazuia. Lakini uzeni kwa jina lenu la kazi. Nanyi mnaotengeneza masoko ya mtandaoni, ongezeni hiyo safu wiki hii. Haichukui hata siku nzima.