Kikohozi baada ya mionzi si lazima kiwe TB

Wadau, testi zimebana ila hili siwezi kulinyamazia. Mi nasema hivi: mgonjwa wa saratani aliyepigwa mionzi kifuani asirudi nyumbani bila karatasi inayosema mapafu yanaweza kuvimba baadaye.

Hiyo "baadaye" ndiyo shida yenyewe. Matibabu yameisha, ndugu wameshashukuru Mungu, halafu baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine hata sita, kinaanza kikohozi kikavu. Akipanda kilima kidogo pumzi inakata. Kahoma ka hapa na pale. Sasa hapa Bongo nani asiyewaza TB?

Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya titi Dar, akarudi kijijini. Kikohozi kilipoanza, zahanati ikampa antibayotiki, zikaisha, akapewa nyingine. Makohozi yakapimwa, TB hakuna, bado wakataka kumwanzishia dozi! Siwalaumu sana. Hakuna aliyewaambia alipigwa mionzi wapi, lini, kiasi gani. Tulipomrudisha Dar ndipo tatizo likajulikana.

Iko hivi: mionzi ikilenga titi au uvimbe wa kwenye pafu, sehemu ya pafu zima iliyo njiani nayo inaipata. Seli zinaumia, na mwili unajibu taratibu kwa kuvimba. Hakuna vijidudu hapo, ndiyo maana antibayotiki hazifui dafu. Mwenye dalili nzito hupewa prednisolone, kisha dozi inashushwa polepole kwa wiki kadhaa, maana ukiikata ghafla uvimbe unaweza kurudi. Kwenye picha, kivuli mara nyingi kinafuata eneo lililopigwa mionzi badala ya mipaka ya pafu. Lakini daktari atajuaje eneo lenyewe kama hana maandishi? (Na TB lazima ipimwe kweli, kwa sababu saratani inashusha kinga na prednisolone inaweza kuichochea.)

Kuna rafiki kaniambia eti tukisema haya wagonjwa watakimbia mionzi. Sikubali. Wa saratani ya titi wanaopata tatizo hili ni wachache, na mionzi inaokoa watu. Anayekimbia ni yule aliyeshtukizwa.

Ninyi wa Muhimbili mnaopita hapa, karatasi yenyewe ni nusu ukurasa: tarehe, eneo, kiasi cha mionzi, dalili za kuangalia, namba ya simu ya kliniki. Ugumu uko wapi?