MENEJA ANAYELIKIMBIA TAWI

Yako maneno ambayo mabwana wa mahoteli wamezoea kuambiana wakutanapo, nayo ni haya: ati hoteli haiendeshwi na kamati. Ati mgeni akipiga kengele hataki habari za mkataba, ataka chai yake. Ati chama cha wafanyakazi kikishaingia jikoni, supu imechacha. Tumeyasikia Arusha, tumeyasikia Dar es Salaam, na sasa tumechoka kuyanyamazia.

Twauliza: mgeni hulazwa na nani? Je, meneja ndiye atandikaye kitanda? Mgeni ajapo kutoka Ujerumani kutazama Serengeti, wa kwanza kumpa salamu ni mlinzi wa lango, wa pili ni kijana wa mapokezi, na ajuaye kama amelala vizuri ni mama yule anayefagia chumba chake. Bwana Meneja humwona mgeni siku ya malalamiko tu. Vitanda kila hoteli inavyo. Watu ndio wanaomrudisha mgeni mara ya pili.

Jambo hili si jipya katika nchi yetu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na Katibu Mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, wafanyakazi wa mahoteli wa Dar es Salaam waligoma. Hawakuwa watu wenye digrii. Walikuwa wapishi, madobi na watumishi wa meza, watu wazima wenye wajukuu ambao bado waliitwa “boi”. Mabwana wa siku zile walikuwa na neno moja la kuelezea kila mgomo: uchochezi. Bwana yule amekwenda zake, na katika kiti chake, mara nyingi, ameketi ndugu yetu mwenyewe, amevaa tai. Lakini neno lile amelirithi pamoja na kiti!

Sheria ya leo si ya mkoloni. Tanzania Bara twayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na Zanzibar wana sheria zao za mwaka 2005. Sheria ya Bara yasema chama chenye wafanyakazi walio wengi mahali pa kazi ndicho peke yake kitakachojadiliana na mwajiri kwa niaba yao. Chama kikileta barua ya kutaka kutambuliwa, mwajiri apaswa kukutana nacho katika siku 30. Basi CHODAWU, chama cha watu wa mahoteli, chaleta barua. Bwana Meneja afanyaje? Yu safarini. Karudi, yu mgonjwa. Kapona, apaswa kuwauliza wenye hoteli walioko ng’ambo. Na katika muda huo mwenyekiti wa tawi, kijana aliyekaa mapokezi miaka sita na kuzijua lugha tatu, ajikuta amehamishiwa stoo kuhesabu mashuka. Siku zapita, chama chapeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na Bwana Meneja ashika kichwa: mbona mwanishitaki, si tungezungumza kindugu!

Undugu gani huo, ndugu meneja, usioweza hata kujibu barua?

Tuchukue jambo dogo, maana ugomvi wa hotelini mara nyingi huanza na jambo dogo. Bilauri imevunjika. Katika hoteli nyingi bilauri ikivunjika hukatwa katika mshahara wa wote waliokuwa zamu, aliyevunja na asiyevunja, na kwa bei anayoijua mwenye stoo peke yake. Sheria yasema vingine kabisa. Yapasa ionekane kwamba hasara imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aandikiwe sababu yake na hesabu yake. Apewe nafasi ya kuipinga. Asilipishwe zaidi ya hasara yenyewe. Na makato ya namna hiyo yasipite robo ya mshahara wake. Ni nani atakayemkumbusha meneja haya? Mwosha vyombo peke yake? Yeye akifungua kinywa leo, kesho hayumo katika orodha ya zamu. Tawi ndilo linaloweza kusema bila kutetemeka, na meneja mwenye akili angelishukuru, kwa kuwa manung’uniko ya bilauri moja yakinyamazishwa miezi sita hutoka siku moja na manung’uniko ya chakula kibaya, ya basi la usiku lililofutwa, na ya mtu anayeitwa asubuhi, kurudishwa nyumbani saa nne, kisha kuitwa tena jioni kwa nauli yake mwenyewe.

Tena iko habari ya bakshishi. Wapo wanaosema mhudumu wa hoteli hahitaji mshahara mzuri, mgeni humwachia. Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, ulilikata neno hili: iwepo bakshishi au isiwepo, mfanyakazi wa hoteli apate mshahara wa msingi, tena kwa nyakati zinazojulikana. Bakshishi ni ukarimu wa mgeni. Si fedha ya mwajiri, hata aihesabu kuwa sehemu ya mshahara anaoulipa. Na ile ada ya huduma ambayo hoteli nyingine huiandika chini ya hesabu ya mgeni, mgeni huilipa akidhani imekwenda kwa waliomhudumia. Wahudumu nao wataka kujua imekwenda wapi. Je, huo nao ni uchochezi?

Sasa twaja kwenye kichekesho chenyewe. Meneja alikimbia tawi kwa kuogopa mgomo. Lakini sheria ile ile yakataza mgomo juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa katika mkataba wa hali bora. Mgomo wa halali hauji kama mwizi pia: ni baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa, na taarifa ya saa 48 kutolewa. Aliyetia sahihi amenunua amani kwa kipindi cha mkataba. Asiyetia sahihi hana mkataba, hana wa kuzungumza naye, na siku wapishi wakiweka miiko chini saa kumi na mbili za asubuhi hajui amwite nani.

Mwaka 2020 ulitufundisha hayo. Korona ilipozuia ndege, mahoteli yalibaki matupu kama misikiti saa nne ya asubuhi. Sheria yataka mwajiri anayetaka kupunguza watu aseme kwanza sababu, atoe habari, ashauriane na chama kinachotambuliwa juu ya njia za kuepuka na juu ya nani aondoke. Palipokuwa na tawi palikuwa na meza ya kukalia. Pasipokuwa na tawi, watu waliweza kuambiwa habari yao na mlinzi langoni. Na kila masika, wageni wanapopungua, jambo hili hurudi kwa kimo kidogo.

Wala hatutawaficha viongozi wa vyama. Wako wanaoonekana mara mbili kwa mwaka, siku ya Mei Mosi na siku ya uchaguzi, na katikati hakuna anayejua ofisi yao iko wapi, ila makato ya ada hayakosi mwezi hata mmoja. Hata asiye mwanachama aweza kukatwa ada ya uwakala yakiwapo makubaliano. Watu wanaolipa wana haki ya kuona nakala ya mkataba wao, kwa Kiswahili, ubaoni. Kiongozi anayekula chakula cha mchana cha bure hotelini kwa meneja na kuondoka bila kupita jikoni, huyo naye tunamwona.

Wanachama wetu walio katika mahoteli, mwezi wa Juni wageni waanza kujaa. Kabla ya hapo itisheni mkutano wa tawi. Mwalikeni meneja kwa barua, mwombeni aje na hesabu ya ada ya huduma na orodha ya makato ya vyombo vilivyovunjika. Asipokuja, katibu aandike katika kumbukumbu kwamba alialikwa na hakuja, na tarehe.