Nani Awateue Walinzi wa Kumbukumbu ya Mwalimu?



Mwalimu Julius Nyerere alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuwaenzi Waasisi wa Taifa, yeye na Sheikh Abeid Amani Karume. Hatupingi kuwaenzi. Tunachouliza ni hiki: wanaokabidhiwa kumbukumbu hiyo, iwe katika tume au kamati, wateuliwe kwa njia gani, na wamwakilishe nani?

Wapo wasemao kuwa hili ni jambo la heshima tu, hivyo tuwaachie wakubwa. Hatukubaliani nao. Anayechagua picha ya kutundikwa ukutani ndiye anayeamua ipi ifungiwe stoo. Sisi wa Dodoma twalijua hili. Mwalimu alikuja Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, hilo litaandikwa. Lakini katika Operesheni Dodoma, iliyoanza mwaka 1970/71, zipo kaya za Wagogo zilizoacha tembe na mashamba yao zikahamishiwa vijijini. Je, hilo nalo litaandikwa? Katika tume ya watu wa chama kimoja, nani atathubutu kulitaja?

Tutaambiwa kuwa Rais anayo mamlaka ya kuteua. Naam, anayo. Lakini kuteua si lazima kuwe kuchagua peke yake. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, jumuiya ndiyo iliyowachagua wale saba, kisha Mitume wakawawekea mikono. Nchini mwetu, Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, iliporekebishwa mwaka 2012, ilivipa vyama, madhehebu ya dini na asasi nafasi ya kumpelekea Rais majina, na ikawazuia wabunge kuwa wajumbe wa Tume. Huko Marekani, tume ya kumjengea Rais Eisenhower mnara, iliyoundwa mwaka 1999, ilikuwa na wajumbe 12 katika mafungu matatu ya watu wanne. Katika kila fungu wasizidi wawili wa chama kimoja.

Hata Kanisa, ambalo Jimbo lake la Musoma lilifungua mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, hutaka mashahidi wenye pingamizi nao wasikilizwe. Ikiwa utakatifu hauogopi maswali, siasa yaogopa nini?

Kwa hiyo twadai mambo manne. Majina yatangazwe kabla ya uteuzi, wananchi wayajadili. Wakulima, wafugaji, wanawake na vyama vya upinzani wapate viti. Muda wa ujumbe uwe na kikomo. Posho zote ziwekwe wazi.

Viongozi walei, lijadilini hili katika jumuiya ndogondogo, kisha mfikishieni mbunge wenu kwa maandishi. Mwalimu alikuwa wa wote. Kumbukumbu yake isigeuzwe mali ya wachache walioteuana wenyewe kwa wenyewe.