Kutazama Ndege Si Uvivu

Wako watu hapa Eldoret wasemao kwamba kutazama ndege ni kazi ya mgeni tajiri asiye na shughuli. Neno hili si kweli. Kaskazini yetu, karibu na Kitale, kipo kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Eneo lake halizidi kilomita 3 za mraba. Humo, baina ya matete na msitu, huishi korongo taji. Kiota chake hukijenga chini, penye maji haba. Basi akaushaye kinamasi humvunjia nyumba. Mwaka 2012 ndege huyu alitiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Upungufu wake ulijulikanaje? Walikuwapo watu waliotazama na kuhesabu. Mwenye duka asiyehesabu mali yake hufilisika bila kujua.

Kweli, mkulima ahitaji shamba. Lakini kinamasi ni ghala la maji. Mfereji unaokikausha huunyima mto maji wakati wa kiangazi, na mahindi hayaoti pasipo maji. Basi, mwanafunzi, chukua daftari, ukae kimya, uhesabu. Mvivu ni yule aonaye kinamasi kikikauka asiulize.