Kipimo Nacho Kipimwe

Methani haionekani kwa macho wala haina harufu. Huvuja katika visima, mabomba na mitambo ya gesi, na kwa muda wa miaka 20 tani moja yake huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi. Mwaka 2021, katika mkutano wa Glasgow, nchi nyingi ziliahidi kupunguza methani itokanayo na shughuli za binadamu kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo ni njema. Lakini nani atajua kama imetimizwa, iwapo vipimo vyenyewe havijapimwa?

Njia ya kuvipima ipo. Gesi huachiliwa kwa makusudi uwanjani, huku mita ya bomba ikionyesha kiasi halisi. Wapimaji hawaambiwi kiasi hicho. Hutoa makisio yao kwanza, ndipo majibu yalinganishwe. Mara nyingine bomba hufungwa kabisa, ili ionekane kama watadai kuona gesi isiyokuwapo.

Mwaka 2021 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyajaribu hivyo makisio ya setilaiti huko Arizona, Marekani. Gesi iliachiliwa kwa kiwango cha kati ya tani 0.2 na tani 7.2 kwa saa. Wapimaji waligundua asilimia 71 ya matukio hayo, na robo tatu ya makisio yao hayakupishana na kiasi halisi kwa zaidi ya asilimia 50. Upepo ni sababu mojawapo ya tofauti hizo, kwani setilaiti huona gesi iliyokwisha kuenea hewani. Kiwango cha kuvuja hukokotolewa kwa kutumia mwendo wa upepo.

Wapo watakaosema kuwa kipimo cha namna hiyo hakifai. Sikubaliani nao. Kosa linalojulikana ukubwa wake huzingatiwa katika hesabu. Lisilojulikana ndilo hupotosha. Hata hivyo, chombo kilichofaulu jangwani kisidhaniwe kuwa kitafaulu vivyo hivyo juu ya bahari, ambayo hurudisha mwanga kidogo. Kwa hiyo nchi kama Tanzania, inayotumia gesi ya Songo Songo tangu mwaka 2004, haina budi kudai matokeo ya majaribio kabla ya kupokea takwimu za mpimaji yeyote.

Shule zetu nazo zijifunze. Mwanafunzi anayejua kuwa jibu linalotakiwa ni 9.8 hushawishika kupika vipimo vyake. Apewe jiwe ambalo densiti yake inajulikana na mwalimu peke yake, na alama zitolewe kwa uaminifu wa kukadiria kosa, si kwa kulipata jibu tu.