Mshale wa Mausi Haujapotea, Umefichwa

Wasee, wacha niseme bila kuzunguka mbuyu. Ukikaa mbele ya kompyuta ya Linux na huoni mshale wa mausi uko wapi, shida si macho yako, na si ati wewe ni mshamba. Kuna mtu aliamua kwa niaba yako vile huo mshale utakaa, na hakukufikiria.

Hesabu ni hii. Kwa GNOME, ile desktopu inakuja na Ubuntu, mshale huanza na saizi ya pikseli 24. Skrini ya Full HD ina upana wa pikseli 1920. Gawanya: 1 kwa 80. Sasa weka hako kamshale keusi juu ya terminali nyeusi, kwa laptopu ya mtumba yenye skrini imefifia, alafu uniambie unaona nini.

Na dawa iko! Bonyeza kitufe cha Super, andika "accessibility", piga Enter. Ingia Seeing, uguse Cursor Size, uchague saizi kubwa. Rudi nyuma, ingia Pointing & Clicking, washa Locate Pointer. Kuanzia hapo, ukibonyeza Ctrl na kuiachilia, mshale unakuonyesha pale uko. Kama wewe ni mtu wa terminali, ni laini mbili tu:

gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-size 48
gsettings set org.gnome.desktop.interface locate-pointer true

Programu ikikataa kubadilika, ifunge uifungue tena. Ikizidi kukataa, toka kwa akaunti yako uingie upya. Imeisha.

Sasa, kama ni rahisi hivi, mbona Locate Pointer inakuja imezimwa? KDE Plasma, tangu toleo la 6.1 la mwaka 2024, ukitikisa mausi mshale unafura wenyewe. Hujaomba, hujawasha kitu. Kwa hivyo wasituambie haiwezekani.

Najua wajuaji watasema, "Setting si iko, tafuta." Buda, nitatafuta aje na mshale wenyewe siuoni?

Wengine watasema Accessibility ni ya walemavu. Kwanza, hata ingekuwa yao peke yao, wao si watu? Pili, ni ya mzee anayejaza fomu kwa saiba, ni ya msichana wa miwani nyuma ya darasa, ni yako ukiwa umekesha na macho yamechoka. Nimeona fundi akimuuzia mtu mausi mpya kwa shida ambayo dakika moja ingemaliza. Huyo mtu alienda nyumbani na mausi mbili, na mshale bado haonekani.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kompyuta. Lakini najua hivi: mtu akishindwa kuona mshale siku ya kwanza, hasemi "hii desktopu imepangwa vibaya." Anasema "hii Linux si ya watu kama mimi," na harudi. Alafu tunashangaa mbona tuko wachache.

Kwa hivyo wewe unayewekea watu Linux, usirudishe laptopu ya mtu kabla hujaongeza mshale na kumwonyesha ile Ctrl. Na ukiulizwa swali, jibu swali. "Soma manual" si jibu, ni madharau.