Tiki za bluu si cheti cha mapenzi

Najua nimepotea, ni mambo ya kusaka habari haya. Leo nimerudi na nina hasira.

Juzi kwenye daladala ya Mwenge nilimsikia dada mmoja akimshauri mwenzake: "Achana naye. Mtu anayekupenda hawezi kukaa masaa matatu bila kujibu meseji." Siti nzima ya nyuma ikaitikia. Mimi nilinyamaza, lakini huo ni uongo, na mimi umeshanigharimu.

Nilikuwa muumini wa imani hiyo hiyo. Mwenzangu alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, mara nyingi zamu ya usiku. Mimi nimekaa chumba cha habari nasubiri kurasa zipitishwe, macho kwenye simu. Tiki mbili za kijivu. Zikageuka bluu, jibu hakuna. Saa saba usiku nikaandika, "Uko na nani?" Saa nane: "Sawa, nimeelewa." Kulipokucha akajibu: "Nilikuwa leba. Niliifungua nikaitwa." Nikaomba msamaha. Wiki iliyofuata nikarudia. Mara ya nne hakujibu tena, na safari hii alikuwa na haki.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, nikakuta mambo haya yana mzizi hapa jirani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akafuatilia familia 26 kwenye vijiji vya karibu na Kampala, akitazama watoto wachanga na mama zao. Kitabu chake kilitoka 1967. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, alibuni jaribio: mama anamwacha mtoto wa mwaka mmoja chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Kilichosema mengi zaidi si kilio mama anapotoka, bali mtoto anavyompokea akirudi. Wapo waliobembelezwa kidogo wakarudi kucheza. Wapo waliomng'ang'ania huku wakimsukuma. Wengine waligeuza uso kana kwamba hawana shida naye.

Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wakalipeleka wazo hilo kwenye mapenzi ya watu wazima. Waliuliza kupitia gazeti la Denver, Rocky Mountain News (naam, gazeti, zile karatasi mnazosema zimekufa), na wasomaji zaidi ya 600 wakajibu. Asilimia 56 walijiona watulivu, 25 wakwepaji, 19 wenye wasiwasi.

Sasa hoja yangu. Wasiwasi haukuletwa na simu. Simu imeupa dirisha la kuchungulia. WhatsApp ilipoleta tiki za bluu Novemba 2014, watu kama mimi tulipata ushahidi wa kosa ambalo hata halijatendeka. Tangu hapo tunapima mapenzi kwa dakika. Jamani, kujibu haraka kunaonyesha nini? Kwamba mtu ana bando, ana chaji na bosi wake hayupo karibu. Basi. Tapeli anajibu haraka kuliko watu wote, ndiyo kazi yake.

Na nyie wakimya, msishangilie. Kuna mtu anatoka kazini, anapandisha stetasi ya mpira, anaiacha meseji yako siku mbili ili "ujue nafasi yako", halafu anakuambia alikuwa bize. Huyo hakuwa bize. Amegeuza kimya kuwa fimbo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha huyu kina dharau tu.

Cha kuangalia ni kama mtu akiondoka anarudi. Alisema atapiga akitoka zamu: alipiga? Kama kazini hajibu, lakini kila akitoka anakutafuta, huyo unaye, tulia. Kama anajibu kila sekunde, ila siku unayoumwa hapatikani, hizo meseji zote zilikuwa za nini?

Na tuambiane mapema. "Nikiwa mahakamani simu nazima, saa kumi nitakutafuta." Saa kumi ikifika, mtafute kweli. Halihitaji bando kubwa hilo. Nami nikiahidiwa saa kumi, sina ruhusa ya kuanza upelelezi saa sita mchana.

Najua kuna watakaoniambia, "Kaka, wewe ulikuwa na wivu tu, usitusingizie wote." Nakubali kuhusu wivu. Lakini siti nzima ya nyuma haikuwa na wivu wangu. Ilikuwa na imani, na imani hiyo inaachanisha watu waliokuwa kazini tu.

Yule nesi sijui kama huwa anapita hapa. Kama anapita: samahani. Hii haihitaji jibu.

Haya wadau, nawasilisha. Mawe ruksa, matusi hapana.